Muulize Shangazi wa Kazi: Maombi 212, Majibu Mawili

Barua za mwezi huu zimenijia kama zimeandikwa na mtu mmoja anayebadilisha miandiko: nataka kazi ya kuanzia, ya kufanyia nyumbani, na kila ninapogusa pameshajaa. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nilijibu wateja kwa barua pepe kwa miaka sita nikiwa nyumbani, kisha kwa miaka minne nikahamia upande wa pili, wa kusoma maombi ya watu na kuamua nani aitwe kwenye usaili. Ninayoyajua yanatoka huko, kwenye kazi za wateja, za ofisi, za uratibu na za maandishi. Anayetaka kuwa mhandisi wa programu atafute shangazi mwingine.

“Nimechelewa, au kuna mlango nisioujua?”

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nina shahada ya utawala wa biashara, na huu ni mwezi wa tisa natafuta kazi yoyote ya mtandaoni ya ngazi ya kuanzia. Naweka hesabu kwenye jedwali. Hadi jana usiku nimetuma maombi 212. Walionijibu wakiwa binadamu ni wawili, na wote walinikataa. Waliobaki ni “asante kwa kuomba” ya mashine, au kimya. Barua naandikiwa na akili bandia ili siku nyingine niweze kutuma hata kumi. Matangazo yenyewe yanasema “ngazi ya kuanzia”, halafu chini yanadai uzoefu wa miaka miwili. Nimechelewa, au kuna mlango nisioujua? — Mhesabu Maombi*

Marahaba, mwanangu.

Kilichonishtua kwenye barua yako si 212. Ni neno “yoyote”.

Kazi ya mbali si kazi, ni mahali unapokaa ukiifanya. Katika miaka yangu yote sijamsikia meneja akilalamika kwamba ana upungufu wa mtu wa mbali. Hulalamika kwamba barua za wateja zinalala siku mbili bila majibu, kwamba orodha ya bidhaa ina majina yanayojirudia, kwamba mikutano miwili imepangwa saa moja, kwamba manukuu ya video yana makosa. Anayeomba “yoyote” hamtulizi meneja hata mmoja kati ya hao. Tena anajipanga kwenye foleni ndefu kuliko zote, ya watu waliotafuta kwa maneno yale yale mawili, “mbali” na “kuanzia”. Chagua kazi moja, au mbili zinazopakana. Mahali patafuata.

Sasa nikukaribishe upande wangu wa meza. Nafasi moja ya kujibu wateja tuliitangaza Jumatatu. Alhamisi tulikuwa na maombi zaidi ya 700, tukafunga tangazo. Wasomaji tulikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na kazi zake nyingine. Mpe kila mwombaji dakika mbili, upate zaidi ya saa 23 za kusoma tu. Usidhani tuliwapa dakika mbili.

Watu hupenda kusema roboti ndiyo inayotupa wasifu kwa kukosa neno fulani. Kwetu programu ya maombi ilikuwa kabati: ilipanga na kutusaidia kutafuta. Kilichokata watu wengi kwa mkupuo ni maswali ya mwanzo kabisa, yale ambayo waombaji huyajibu mbiombio: uko nchi gani, una ruhusa ya kufanya kazi huko, utapatikana saa zipi. Hapo nusu ya rundo iliondoka, na hakuna aliyefungua wasifu wao. Waliobaki tulianza kuwasoma. Asubuhi moja nilisoma barua kumi na moja mfululizo zilizofunguliwa kwa sentensi moja, neno kwa neno, ya kwamba mwandishi “amevutiwa kwa dhati na dhamira yetu”. Hata mimi nisingeweza kukueleza dhamira yetu ilikuwa ipi. Tulikuwa tunauza programu ya kutengenezea ankara.

Sikukatazi mashine. Ikusahihishie sarufi, ikutajie ulichosahau. Lakini ukiiachia barua yote, inakuandikia ile ile iliyowaandikia wengine 699, na mimi nikiwa na kahawa ya pili mkononi siwezi kukutofautisha nao.

Tuliyemwajiri safari ile aliandika mistari isiyozidi kumi. Alisema alifungua akaunti ya majaribio ya programu yetu, akafuata ukurasa wetu wa msaada wa kubadili neno la siri, akagundua kwamba hatua ya nne inamwambia mteja abonyeze kitufe ambacho hakipo tena. Kimehamishiwa kwenye menyu nyingine. “Mteja atakayekwama hapo atawaandikia,” akasema, “na mimi ningemjibu hivi.” Likafuata jibu la sentensi nne, la upole, lisilo na neno la kiufundi hata moja. Kwenye wasifu wake uzoefu wenyewe ulikuwa wa maktaba ya shule. Nilimtumia mwenzangu ujumbe: acha kusoma. Kisha nikaenda kuangalia hatua ya nne, na kweli kitufe hakikuwapo. Ukurasa ule nilikuwa nimeuandika mimi.

Mwanangu, kaa hapo kwanza, maana ndipo penye shina la swali lako. Kwenye ofisi ya kawaida mgeni huonekana: anawahi, anasaidia kubeba viti, anauliza vizuri. Taratibu watu wanamwamini. Kwa mbali hayo yote hayaonekani. Mkuu wako hajui kama unahangaika au umelala. Anachokiona ni ulichokiandika tu: jibu kwa mteja, maelezo ya tatizo, mistari mitatu ya jioni inayosema umefika wapi na umekwama wapi. Ndiyo maana waajiri wa mbali huwaogopa wanaoanza. Si kwamba kazi ni ngumu. Ni kwamba hawawezi kukuchungulia begani. Ombi lako ndilo kazi yako ya kwanza wanayoiona ikifanyika bila mtu pembeni. Yule wa maktaba alitupa siku moja ya kazi kabla hatujamlipa, na ilimchukua, alivyokuja kuniambia, jioni moja.

Ukitaka kuona kampuni za namna hii zinavyoishi kwa maandishi, GitLab, ambayo watu wake wote hufanya kazi kwa mbali, imeweka kitabu chake cha taratibu wazi mtandaoni. Ni kikubwa mno, usikisome chote. Soma sehemu ya mawasiliano, uone jinsi wanavyotaka jambo liandikwe mahali ambapo mwenzako atalikuta akiamka, badala ya kuitwa kwenye mkutano.

Ile miaka miwili ya uzoefu mara nyingi ni orodha ya matamanio ya aliyeandika tangazo. Kama unaweza kuonyesha kazi yenyewe, omba. Cha kuonyesha unakipata pale ambapo huhitaji kuajiriwa na mtu. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wana ukurasa wa msaada ambako watu wa kujitolea hujibu maswali ya watumiaji. Majukwaa ya msaada ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nayo yanaendeshwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Jibu maswali kwa wiki sita, kila jioni mawili. Yatabaki pale na tarehe zake, na utaweka kiungo kwenye wasifu. Mimi msomaji nikifungua kiungo nikakuta umemtuliza mtu aliyepoteza alamisho zake zote, sina haja ya cheti chako. Upo pia mpango wa Outreachy, wa mafunzo ya kazi kwa mbali kwenye miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Unalipa, hupokea maombi mara mbili kwa mwaka, na si kwa wanaoandika msimbo pekee. Ipo miradi ya kuandika maelekezo na ya usanifu. Umekusudiwa watu waliobaguliwa au ambao uwakilishi wao kwenye teknolojia ni mdogo, kwa hiyo soma masharti kwanza uone kama yanakuhusu.

Jambo la nchi nalo lazima niliseme, kwa sababu nashuku limekula sehemu nzuri ya 212 zako. “Mbali” haina maana ya “popote”. Kampuni ikimwajiri mtu aliyeko nchi nyingine, inaingia kwenye kodi, hifadhi ya jamii na sheria za kazi za huko. Ama iwe imesajiliwa huko, ama ipitie kampuni ya kati kama Deel au Remote inayokuwa mwajiri wako kisheria, ama ikuchukue kwa mkataba wa kujitegemea, ambapo kodi na likizo ni shauri lako. Kampuni ndogo nyingi haziko tayari kwa lolote kati ya hayo kwa ajili ya mtu anayeanza. Kwa hiyo mstari mdogo wa chini unaosema nchi zipi zinakubaliwa ndio unaousoma kwanza, kabla ya kupenda tangazo.

Na saa, andika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, tena kwa tarakimu: “Napatikana 06:00 hadi 15:00 UTC.” Nina sababu ya kusisitiza tarakimu. Usaili wangu wa pili maishani ulipangwa 9:00 asubuhi kwa saa zangu. Nikaandika kwenye karatasi “saa 9”, nikaibandika ukutani. Kesho yake kichwa changu kikaisoma kwa Kiswahili. Nilijitokeza saa sita baadaye, nimechana nywele, nikisubiri peke yangu kwenye chumba cha mkutano kilichokwisha.

Tovuti za matangazo, kama We Work Remotely na Remote OK, zitumie kwa kuokota majina ya kampuni zaidi ya matangazo. Tangazo likifika huko limeshaonwa na dunia nzima. Jina la kampuni lenyewe linakufikisha kwenye ukurasa wao wa ajira, ambako mara nyingine nafasi huonekana kabla ya kusambaa. Upo pia mlango wa ubavuni ambao vijana hawaupendi kwa kuwa hauna mvuto: kuingia kwenye kazi ya kawaida ambayo sehemu yake hufanyika kwa kompyuta, ukaaminika, ukaomba siku mbili za nyumbani, kisha tatu. Kazi ya kwanza ya mbali hutolewa kwa urahisi zaidi na watu ambao tayari wanakujua.

Jedwali lako ndilo kitu kizuri kuliko vyote kwenye barua yako, na sidhani unajua hivyo. Mtu anayeweka hesabu ya maombi 212 bila kuambiwa anafaa kazi za uratibu. Liongezee safu tatu: nchi zinazokubaliwa, tangazo lilikuwa na siku ngapi ulipoomba, na nilionyesha nini. Jaza kurudi nyuma. Hiyo safu ya tatu itakuwa tupu karibu yote, itakuuma, jaza tu. Halafu acha kumi kwa siku. Tuma matatu kwa wiki, kila moja na kitu ndani yake ambacho hakiwezi kutumwa kwa kampuni nyingine.

(Ombi langu la kwanza kabisa lilikuwa na jina la kampuni ya jana yake, mstari wa kwanza. Walinijibu, kwa adabu, kunitakia heri huko.)

“Wasifu wangu una mstari mmoja”

*Shangazi, naona haya kukuita hivyo, maana huenda tunalingana. Nina miaka 47. Nimekaa mapokezi ya kliniki ya meno kwa miaka 14 hadi ilipofungwa. Mama yangu sasa anahitaji mtu nyumbani, kwa hiyo natafuta kazi ya kufanyia hapa hapa. Binti yangu aliniandikia wasifu, na kwenye uzoefu kuna mstari mmoja: “Mhudumu wa mapokezi, miaka 14.” Anasema sina ujuzi wa mtandaoni. Na je, nifiche umri? — Wa Mapokezi*

Dada yangu, niite upendavyo.

Binti yako amekuandikia cheo, hakuandika kazi. Kaa naye, umsimulie Jumatatu moja asubuhi, dakika kwa dakika, naye aandike. Nitakisia, unisahihishe: simu inalia, mbele yako yupo aliyevimba shavu na hana miadi, daktari wa pili amechelewa, na wa saa nne ameleta watoto wawili badala ya mmoja. Unampanga upya nani, unamwambiaje anayesubiri, unaandika wapi ili mwenzako wa mchana asirudie kosa? Hiyo ndiyo kazi ambayo kampuni zinaitafuta kwa majina ya “msaidizi wa mbali”, “mratibu wa miadi” na “huduma kwa wateja”. Tofauti ni kwamba shavu lililovimba litakuja kwa maandishi.

Basi mstari mmoja uwe hivi, kwa hesabu zako mwenyewe: “Nilitunza kalenda ya madaktari watatu, nilipanga na kupangua miadi kwa simu na ujumbe, niliwakumbusha wagonjwa siku moja kabla, nilifuatilia madai ya bima hadi yalipwe, niliwafundisha wahudumu wapya wawili.” Kama uliwahi kubuni daftari au utaratibu uliopunguza fujo, uutaje, hata kama ulikuwa karatasi ya rangi mbili. Majina ya wagonjwa na habari zao usiyaguse popote, wala kwenye usaili unapotoa mfano. Msaili mwenye akili anasikiliza jambo hilo kuliko mfano wenyewe.

Kuhusu umri, usidanganye, ila pia hudaiwi kuutangaza. Tarehe ya kuzaliwa na picha viondoe kwenye wasifu, isipokuwa pale sheria au fomu inapodai. Kazi za ujana wako za kabla ya kliniki zinaweza kubaki nje. Nilipokuwa nasoma maombi, mtu aliyekaa mahali pamoja miaka 14 hakunitisha hata kidogo. Aliyenitisha ni aliyebadilisha kazi nne kwa mwaka mmoja na kila moja aliiita “fursa ya kukua”.

Ujuzi wa mtandaoni ambao binti yako anausema ni wa wiki mbili. Programu za kupokea barua za wateja, kama Zendesk na Freshdesk, zina kipindi cha kujaribu bila malipo. Fungua moja. Binti akutumie kila siku malalamiko matano ya kubuni, mengine ya matusi, ujibu, uweke alama, ufunge. Jifunze kalenda ya pamoja, jedwali la kuchuja na kupanga, na kushiriki skrini bila kuonyesha kila kitu ulichofungua. Ukihitaji masomo ya bure yenye cheti, HubSpot Academy wanayo ya huduma kwa wateja. Cheti chenyewe hakitakupa kazi; kitakusaidia usipigwe butwaa wakitaja msamiati wao.

Mama yako: nafasi zinazodai simu za moja kwa moja saa nane mfululizo ziruke. Tafuta za barua pepe na gumzo la maandishi, na uulize mapema kama ratiba inagawanyika. Kuuliza hivyo hakukuharibii. Aliyekataa kwa sababu hiyo angekutesa.

“Walinilipa siku mbili za kwanza”

*Shangazi, niliandikiwa Telegram na mwanamke anayesema ni wa idara ya ajira ya kampuni kubwa ya matangazo. Usaili ulikuwa wa maandishi tu, dakika 40, nikaambiwa nimepata. Kazi ni kubonyeza “penda” kwenye video. Siku mbili za kwanza walinilipa kweli. Leo ukurasa wao unaonyesha nina salio kubwa, lakini ili nilitoe lazima kwanza niweke amana kwa sarafu ya kidijitali, “kufungua ngazi ya pili”. Niweke? — Nusu Tajiri*

Usiweke. Kile kidogo ulicholipwa ni chambo. Salio unaloliona ni tarakimu zilizoandikwa kwenye ukurasa ambao ni wao wenyewe. Wanaweza kuziandika zozote. Ukiweka amana, ngazi ya pili itakuwa na kosa fulani la kurekebishwa kwa amana nyingine, na ya tatu itakuwa kodi.

Utapeli huu una ndugu zake, na wote huwinda wanaoanza, kwa kuwa anayeanza hajui usaili wa kweli unafananaje. Yupo anayekutumia hundi ununue kompyuta kwa “muuzaji wetu”, hundi inakuja kukataliwa na benki baada ya pesa zako kuondoka. Yupo anayetaka upokee vifurushi nyumbani na kuvisafirisha, au upokee fedha kwenye akaunti yako na kuzipeleka mbele. Hapo siku polisi wakija, jina lililoko kwenye karatasi ni lako. Yupo anayekodi akaunti yako ya Upwork, tovuti ya kazi za kujitegemea, ili afanye kazi kwa jina lako.

Mwajiri anakulipa wewe. Pesa ikianza kutoka kwako kwenda kwake, kwa jina lolote, iwe usajili, mafunzo au vifaa, funga mazungumzo. Tovuti ya kampuni iandike mwenyewe kwenye kivinjari, usifuate kiungo alichokutumia, uone kama nafasi hiyo ipo. Tazama anwani ya barua pepe herufi kwa herufi. Ukiwa na shaka na tovuti, ukurasa wa kutafuta majina ya tovuti wa ICANN, shirika linaloratibu majina hayo duniani, hukuonyesha ilisajiliwa lini. “Kampuni kubwa ya miaka ishirini” yenye tovuti ya wiki tatu imejieleza yenyewe. Kama uliwapa nakala ya kitambulisho au namba ya benki, iarifu benki leo. Na atakayekuja kesho akisema anaweza kukurudishia ulichopoteza kwa ada ndogo ni yule yule, amebadilisha picha.

Usione aibu. Mimi, mwenye kusoma maombi ya watu kwa kazi, niliwahi kufikia kupiga picha ya pasipoti kwa “kampuni” iliyosifia sana mwandiko wangu. Kilichoniokoa ni chaji ya simu kuisha.

“Jaribio la makala kumi na mbili”

*Habari Shangazi. Nimefika hatua ya mwisho ya kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa. Wananiomba nifanye jaribio: maelezo 12, kila moja maneno 300, bila malipo, ndani ya siku tatu. Nikikataa nitaonekana mvivu? — Kalamu Mkononi*

Hapana. Jaribio la saa moja au mbili ni la haki, hasa kama ni la bidhaa ya kubuni au ya zamani. Maneno 3,600 ya bidhaa zao zinazouzwa sasa ni oda, na huenda wewe ni mmoja wa “waliofika hatua ya mwisho” kumi, kila mmoja na kumi na mbili zake. Wapo wanaofanya vizuri: Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, ilijulikana kwa kuwalipa waombaji wake kwa kazi ya majaribio.

Waandikie hivi, kisha ufunge kompyuta ukatembee: “Asanteni kwa kunifikisha hapa. Nitawaletea maelezo mawili kati ya 12 ifikapo kesho 12:00 UTC, mchague yapi. Kumi yaliyobaki nitayafanya kwa furaha kwa malipo mtakayopendekeza.” Usiombe radhi popote kwenye ujumbe huo. Ukinijibu, nakili na jibu lao. Nataka kuona wamechagua yapi.